Ile Shingo Haikuwa Chafu

Wadau, hii posti nimeiandika mara nne na kuifuta mara tatu. Wale mlionifuata tangu mwaka jana mnaijua ile video ya Chairman na chipsi. Kama hukuiona, sawa, usiitafute. Nimeshaitoa kwa akaunti zangu zote, ingawa najua kuna wasee waliipakua wakaiweka upya na maneno yao, na hiyo siwezi kuirudisha.

Chairman ni mtoto wa dada yangu. Ana miaka 11. Hilo jina alipewa na shosho akiwa na miaka miwili, kwa sababu ya tumbo na vile alikuwa anatembea polepole, mikono nyuma, kama mtu amekuja kukagua shamba la ushirika. Jina likakwama. Hata mwalimu wake humwita hivyo.

Sasa mwaka jana mwenye kibanda kimoja cha chipsi aliniambia nimtengenezee video. Shilingi 5,000 na chipsi za bure wiki nzima. Nikajiuliza, nani nikimweka mbele ya kamera akila watu watacheka? Sikufikiria hata dakika moja. Sahani mbili za chipsi, soseji mbili, soda ya lita moja, dakika tisa. Mimi nyuma ya simu napiga kelele, “Chairman! Chairman!” Watu laki nne waliitazama. Nilimnunulia viatu kwa zile pesa na nikajiona mjomba wa maana.

Baadaye nilipiga hesabu ya ile soda peke yake. Soda za kawaida huwa na sukari kama gramu 10 na kitu kwa kila mililita 100. Lita moja ni zaidi ya vijiko 25 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipitishe kama vijiko 12 vya sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki kwa nusu ya hapo. Mtoto wa miaka 10 alikunywa mara mbili ya kipimo cha mtu mzima, kwa dakika tisa, mimi nikishangilia.

Lakini hii hadithi haikuanza na video. Ilianza na shingo.

Dada yangu kila Jumamosi alikuwa anamsugua huyo mtoto shingo. Kwanza sabuni ya kipande na kitambaa kigumu. Haitoki. Akahamia lile jiwe la kusugua miguu. Haitoki. Nyuma ya shingo kulikuwa na mkanda mweusi, mnene hivi, ukiushika ni kama kitambaa cha makochi. Chini ya makwapa pia. Mtoto alikuwa analia, na dada anamwambia, “Wewe hujui kuoga, unaniaibisha kwa watu.” Mimi nilikuwa nasikia hizo kelele kutoka sebuleni na nilikuwa naongeza sauti ya TV.

Kilichotupeleka kliniki hata si shingo. Ni mwalimu aliandika kwa diary kwamba Chairman analala darasani kila siku baada ya mapumziko ya saa nne. Tukadhani ni minyoo au damu kidogo. Nikaenda nao mpaka mlangoni, kisha daktari, dada mmoja mdogo tu, labda amenizidi miaka sita, akasema niingie pia kwa sababu alitaka kujua nani anaishi na mtoto.

Hakuangalia macho kwanza wala ulimi. Alimwambia Chairman ageuke, akaangalia shingo, akauliza, “Mama, hii imeanza lini?”

Dada akaanza kujitetea. “Daktari, huyu mimi humwosha mwenyewe, ni vile tu...”

“Mama, huu si uchafu. Wacha kumsugua.”

Hapo dada alinyamaza. Nilimwona akiangalia mikono yake.

Daktari alitueleza kwamba hiyo ngozi nyeusi na nene mara nyingi ni dalili ya insulini kuwa nyingi kwa damu. Nitajaribu kuwaeleza vile nilivyoelewa. Mimi si daktari, na chuo nilikiacha nikiwa mwaka wa pili, kwa hivyo nimeuliza maswali mengi kuliko aibu yangu ilivyoniruhusu, na kabla ya kuandika hapa nimesoma.

Fikiria stage ya matatu. Sukari kwenye damu ni abiria. Seli za mwili ni matatu. Insulini, ambayo inatengenezwa na kongosho, ni makanga: yeye ndiye anafungua mlango abiria waingie. Mtoto akiwa na mafuta mengi, hasa yale ya ndani ya tumbo na kwenye ini, milango inaanza kukwama. Makanga mmoja hawezi. Kongosho inatuma makanga wawili, watatu, kumi. Kwa muda kazi inaendelea, ukipima sukari unaona iko sawa, kila mtu anafurahi. Lakini stage imejaa makanga, na hao makanga wote wana kazi zingine wanafanya pembeni. Mojawapo ni kuambia seli za ngozi zikue. Ndiyo hiyo shingo. Miaka ikienda, kongosho linachoka. Makanga wanapungua, milango bado imekwama, na abiria wanajaa barabarani. Hapo ndipo kipimo cha sukari kinapanda na watu wanasema, “Ameshikwa na kisukari ghafla.” Hakuna ghafla hapo. Shingo ilikuwa inatuambia, na sisi tulikuwa tunaifuta na jiwe.

Wakampima. Urefu sentimita 142, uzito kilo 58. Presha walipima mara tatu, na daktari alibadilisha ile kanda ya mkono kwanza, akasema ikiwa ndogo kwa mkono inaweza kukudanganya kwamba presha iko juu. Hata na kanda kubwa ilikuwa juu kidogo kwa umri na urefu wake. Kumbe mtoto hapimwi na namba moja kama sisi, kuna jedwali. Kesho yake asubuhi akarudi hajala. Sukari 6.1. Ya kawaida ukiwa hujala ni chini ya 5.6, na kisukari kinaanzia 7. Kwa hivyo yuko katikati, pale mlangoni. Vipimo vya ini navyo vilikuwa juu. Mtoto wa miaka 11, hajawahi kuonja pombe, na ini linaonyesha huenda limeanza kushika mafuta. Shosho aliposikia hiyo ya ini alikaa chini.

Na kule kulala darasani? Anakoroma usiku mpaka pumzi inakatika kidogo, kisha anashtuka. Tulikuwa tunacheka hata hiyo. Nina video ya hiyo pia kwa simu. Nilikuwa nayo.

Sasa nataka niongee kuhusu umri, kwa sababu hapa ndipo nilipofunguka macho, na sijaona mtu mtaani akiongea hivi.

Daktari aliuliza kama tuna kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto. Dada hutunza vitu, akakileta siku ya pili. Kuna ukurasa una mchoro wa mistari, ambapo nesi huweka nukta kila mtoto akipimwa uzito. Nukta za Chairman zimepangana vizuri, mwezi kwa mwezi, mpaka miezi 18. Hapo ndipo zinaisha. Ukurasa uliobaki ni mweupe. Kwa nini miezi 18? Kwa sababu hapo ndipo mtoto anapata ile sindano ya pili ya surua, na baada ya sindano ya mwisho wamama wengi hawarudi. Si uvivu, ni foleni, ni kazi, na mtoto haumwi, unarudi kufanya nini? Kwa hivyo kati ya miezi 18 na miaka 11 hakuna mtu yeyote aliyempima huyu mtoto uzito na urefu pamoja. Miaka tisa na nusu.

Kuna utafiti wa watafiti wa Leipzig, Ujerumani, uliotoka 2018. Walifuatilia vipimo vya maelfu ya watoto tangu wakiwa wadogo. Waliona kwamba vijana waliokuwa wanene kupita kiasi, uzito wao ulikuwa umekimbia zaidi kati ya miaka 2 na 6. Na kati ya wale waliokuwa wanene hivyo wakiwa na miaka 3, karibu asilimia 90 walikuwa bado na uzito wa ziada walipokuwa vijana. Yaani ile miaka ambayo kijitabu chetu ni cheupe ndiyo miaka yenyewe.

Na kuna kitu kingine kuhusu hiyo miaka ambacho kinagongana moja kwa moja na shosho zetu. Mtoto hunenepa mwaka wa kwanza, halafu akianza kutembea na kukimbia anakuwa mwembamba, mpaka karibu miaka 5 au 6, kisha mwili unaanza kujaa tena polepole. Hiyo ndiyo kawaida. Mtoto wa miaka 4 mwenye afya mara nyingi anaonekana kama amepungua. Sasa nyumbani kwetu, mtoto akianza kupungua hivyo inakuwa kesi. “Huyu mtoto amekwisha, mnampa nini?” Uji unaongezwa sukari na siagi, anaamshwa ale, anafukuzwa na kijiko ploti nzima. Na yule ambaye hakupungua, yule aliyeanza kujaa tena kabla ya kufika miaka 5, ndiye anasifiwa. Kumbe huyo ndiye anayefaa kuangaliwa, kwa sababu mwili ukianza kupanda mapema hivyo, uwezekano wa unene baadaye unaongezeka.

Mtoto wa umri huo ukimpima damu mara nyingi utakuta kila kitu safi. Ndiyo maana ni rahisi kudanganyika. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilipopanga vigezo vyake mwaka 2007 liligawa watoto kwa umri. Chini ya miaka 6 halikuweka kigezo chochote. Kutoka 6 hadi 10 linasema usimpe mtoto jina la ugonjwa bado, lakini ukiona kiuno ni kikubwa, endelea kumfuatilia. Kuanzia miaka 10, kiuno kikubwa pamoja na vitu viwili kati ya presha, sukari, mafuta mabaya kuwa juu na mafuta mazuri kuwa chini, hapo sasa lina jina. Ukifika 16 unapimwa kama mtu mzima. Mimi nilisoma hiyo nikaona ni kama ngazi. Mtoto yuleyule, tumbo lilelile, akiwa na miaka 5 ni “mcute”, akiwa na 8 ni “atapunguza akikua”, akiwa na 11 ni mgonjwa. Hajabadilika ghafla. Sisi ndio tulikuwa tunabadilisha majina.

“Atapunguza akikua.” Hiyo sentensi nimeisikia nyumbani kwetu mara mia. Nimeisema mimi mwenyewe kwa komenti, mtu mmoja aliponiuliza kwa upole kama huyo kijana yuko sawa. Nilimjibu na emoji ya kucheka.

Shida ni kwamba balehe haimsaidii vile tunavyodhani. Wakati wa balehe, hata mtoto mwembamba kabisa, ile milango ya matatu inakuwa migumu kidogo. Ni homoni za kukua zinafanya hivyo, ni kawaida, na baadaye inarudi sawa. Lakini mtoto ambaye milango yake ilikuwa imekwama kabla, balehe inamwongezea mzigo juu ya mzigo. Ndiyo maana kisukari cha aina ya pili ni nadra sana kabla ya balehe, halafu kinaanza kuonekana hapo hapo. Ndiyo maana pia madaktari wa kisukari wa Marekani wanashauri mtoto mwenye uzito wa ziada na kitu kingine cha hatari, kama ile shingo au mzazi mwenye kisukari, aanze kupimwa akiingia balehe au akifika miaka 10, yoyote itakayotangulia. Shosho ana kisukari. Hatukuwa tumewahi kuunganisha hizo nukta.

Kwa wasichana inakuja na mambo zaidi. Unene wa utotoni unahusishwa na kuvunja ungo mapema, na baadaye hedhi kupotea miezi mitatu minne, chunusi kali, nywele kidevuni, na watu wanaanza kumuuliza binti maswali ya ajabu badala ya kumpeleka apimwe homoni. Sitaongeza hapo kwa sababu si hadithi yangu, lakini kuna dada mmoja kwa wafuasi wangu aliniandikia, na nilimwambia nitaitaja.

Nilikuwa nadhani kisukari cha aina ya pili kwa mtoto ni kama cha shosho, tembe asubuhi na jioni, chai bila sukari, maisha yanaendelea. Hapana. Kinapoanza utotoni huwa kikali zaidi na kinakimbia haraka. Kuna utafiti wa Marekani unaitwa TODAY, walifuatilia vijana waliopata kisukari cha aina ya pili wakiwa wadogo. Baada ya kama miaka 13, wakiwa na wastani wa miaka 26, asilimia 60 walikuwa na angalau tatizo moja kubwa la mishipa midogo, yaani figo, macho au neva. Miaka 26, wadau. Mimi nina 22. Rafiki zangu wote wako hapo karibu. Fikiria nusu ya meza yenu, na zaidi, mko kwa foleni ya macho na figo.

Najua kuna mtu tayari ameandika kwa komenti, “Hii ni shida ya wadosi, watoto wetu wanalala njaa.” Nakuelewa. Kwa utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, watoto wa Kenya chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa asilimia 18, na waliozidi uzito asilimia 3 tu. Kwa hivyo ukiniambia njaa ndiyo kubwa kwa watoto wadogo, sibishani. Lakini sisi si wadosi. Tunaishi vyumba viwili, watu watano. Na chakula rahisi zaidi mtaani kwetu saa kumi jioni, mama akiwa bado kwa gari, ni chipsi ya hamsini, smokie, mandazi na soda ndogo. Parachichi moja kubwa siku zingine ni bei ya hiyo chipsi, na haishibishi mtoto aliyetoka shule. Uwanja tuliokuwa tunachezea mpira sasa una ukuta na jengo la ghorofa sita. Watoto wanafungiwa ndani na TV kwa sababu nje kuna boda boda na mabomba ya maji taka yamefunguka. Halafu basi la shule linamchukua saa kumi na moja na nusu asubuhi, mtoto ambaye anafaa kulala saa tisa hadi kumi na moja. Usingizi mfupi nao unahusishwa na uzito. Kwa hivyo usiniambie ni ulafi wa mtoto. Mtaa wenyewe umepangwa hivyo, na sisi watu wa kontenti tunalipwa kuupamba.

Hapo kwa kulipwa ndipo nimekwama. Yule mwenye kibanda si mtu mbaya. Anauza anachouza. Ni mimi niliyeleta mtoto.

Na hiyo video ilifanya kitu ambacho vipimo havionyeshi. Shuleni watoto walianza kuiga sauti yangu. “Chairman! Chairman!” kila akifungua kontena la chakula. Akaacha kula shuleni kabisa. Dada alidhani anapunguza, akafurahi. Kumbe anakaa na njaa tangu asubuhi, akifika nyumbani anakula cha watu watatu, kwa kujificha, jikoni, bila kuwasha taa. Alimwambia daktari, si sisi. Nilikuwa nimesimama pale pale, miguu imekuwa mizito, na daktari hakuniangalia hata mara moja, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

Kwa hivyo kuna makosa mawili tunafanya na hawa watoto. Wakiwa wadogo tunawasifu, wakikua kidogo tunawacheka, na kati ya sifa na kicheko hakuna mtu anayeshika kamba ya kupimia.

Kamba naisema kwa maana. Daktari alitufundisha kipimo ambacho hakihitaji pesa. Chukua kamba, pima urefu wa mtoto kutoka kisigino hadi utosini, ikate. Ikunje katikati. Zungusha kiunoni. Ikifunga, sawa. Isipofunga, mpeleke akapimwe. Inafaa kwa mtoto aliyepita miaka 5. Ya Chairman ilibaki nafasi karibu urefu wa kiganja changu. Nilijaribu kwangu. Ilifunga kwa kuvuta pumzi, na sitaki maswali.

Niliuliza daktari swali la mtu anayetafuta msamaha: “Kwani imechelewa?”

Akasema hapana. Nilipokuja kusoma nikaona kwa nini alisema hivyo bila kusita. Kuna utafiti wa Denmark, pia wa 2018, wa wanaume zaidi ya elfu 60 ambao uzito wao ulipimwa wakiwa na miaka 7, wakiwa na miaka 13, halafu wakiwa vijana. Waliokuwa na uzito wa ziada wakiwa na miaka 7 lakini wakawa wameutoa kabla ya 13, hatari yao ya kisukari ukubwani ilikuwa karibu sawa na ya wale ambao hawakuwahi kunenepa. Walioendelea nao hadi utu uzima, hatari ilikuwa juu sana. Ni Denmark, ni wanaume, chakula chao si chetu, najua. Lakini niliposoma hiyo namba 13 nilihesabu. Chairman ana 11. Nikaandika kwa karatasi, “miaka miwili,” nikaibandika kwa friji. Dada aliitoa. Akasema mtoto atadhani anahesabiwa siku za kufa. Alikuwa sahihi.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba hakupewa dayati. Nilikuwa nimeshajipanga, nimepakua vitu vya kufunga kula na maji ya ndimu. Daktari alikataa kabisa. Mtoto bado anakua. Alisema lengo la kwanza ni uzito usimame, urefu uendelee. Akirefuka sentimita kumi na kilo zibaki pale pale, hesabu yenyewe inabadilika. Na akasema kama nyumba nzima haibadiliki, asibadilishwe yeye peke yake.

Hiyo ya nyumba nzima ndiyo vita. Soda ilitoka, sawa, hata mimi nimeiacha nyumbani, nakunywa nikiwa nimejificha kazini kama mvuta bangi. Chai sasa kila mtu anajiwekea sukari mwenyewe na kijiko kimoja. Ugali umepungua kwa sahani ya kila mtu na sukuma imepanda, na maharagwe yanapikwa Jumapili ya kutosha siku tatu. Kifungua kinywa kinaliwa, hata kama ni ndizi na yai ndani ya basi. Shosho ndiye mgumu. Anakuja na mkate na siagi kwenye mfuko, anamwita mtoto chumbani. Juzi nilimwambia, “Shosh, si daktari alisema?” Akanijibu kwamba yeye alilea watoto saba na njaa ya 1984, na kwamba hakuna mjukuu wake atahesabiwa vijiko. Sikuwa na jibu. Mtu aliyeona watoto wakikonda mpaka mifupa, unamweleza aje kwamba tumbo la mtoto linaweza kuwa tatizo? Dada alipata njia. Alimchukua shosho kwenye ile kliniki yake ya kisukari, akaenda na Chairman, na nesi akawapima wote wawili sukari kwenye benchi moja. Shosho aliona mashine ileile, sindano ileile, kwa kidole cha mtoto. Hajaleta siagi tena. Mkate bado analeta.

Mimi nimeachana na kontenti za kula. Nimepoteza watu kama elfu sita waliokuja kwa hizo tu, na kuna mwezi mmoja sikulipwa chochote. Sijuti lakini pia sitajifanya haikuuma. Na nikiona mtu ameweka mtoto mnene mbele ya kamera na sahani, namwandikia kwa faragha, si kwa komenti, kwa sababu najua mimi ningejibu nini kwa komenti.

Imepita miezi mitatu. Uzito umesimama kilo 58, urefu umeongezeka kidogo. Sukari mara ya mwisho ilikuwa 5.8. Shingo bado ni nyeusi; daktari alisema ikififia itachukua muda mrefu. Hakuna anayeisugua. Tukapata uwanja wa kanisa, Jumanne na Alhamisi, na mzee wa kanisa anatufungulia kwa masharti kwamba tufagie. Wenzake walimweka golini kwa sababu ambayo sote tunaijua, lakini ameipenda.

Alhamisi iliyopita alinyaka penalti. Kweli kabisa, aliruka upande wa kulia akaipangua na mkono mmoja. Nikajikuta mkono umeingia mfukoni kutafuta simu. Akaniona kutoka golini.

“Anko, usinishute.”

Nikairudisha. Walifungwa nne. Kliniki inayofuata ni mwezi ujao, saa mbili asubuhi, na mimi ndiye nampeleka.